Kupanga Mji na Kupanga Chumba: Historia ya Kanda za Makazi kwa Mfano wa Igogo, Mwanza

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya kanuni za kugawa miji kwa kanda katika Tanganyika, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Tanzania, na kupima jinsi kanuni hizo zilivyowapatia au kuwanyima makao watu wenye kipato kidogo. Mfano utakaofuatwa ni Igogo, kata iliyomo katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Jambo hili ni la wanasheria na wapima ardhi. Walakini ni la wanafunzi wa lugha pia, kwa kuwa kila sheria ya mji ilikuja na maneno yake, na baadhi ya maneno hayo yamedumu vinywani mwa watu hata baada ya sheria zenyewe kufutwa.

Yafaa kwanza kutaja utaratibu ambao siku hizi husifiwa katika nchi nyingine. Katika Wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1974 ilimtaka kila mjenzi wa nyumba 50 au zaidi atenge asilimia 15 ya nyumba hizo kwa watu wa kipato cha wastani na cha chini, na kwa malipo yake akaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi katika eneo lile lile kuliko ilivyoruhusiwa kwanza. Huko Afrika Kusini, Jiji la Johannesburg lilipitisha mwaka 2019 kanuni ya namna hiyo: mradi wa nyumba 20 au zaidi sharti utenge angalau asilimia 30 kwa watu wasio na uwezo mkubwa. Hiyo yaweza kuitwa kanuni ya kanda jumuishi. Msingi wake ni kwamba serikali ndiyo iongezayo thamani ya ardhi inapotoa ruhusa ya kujenga, na kwa hiyo ina haki ya kudai sehemu ya thamani ile irudi kwa watu wa chini.

Miji ya Tanzania haikukua chini ya kanuni ya fungu la namna hiyo. Ilianza upande wa pili kabisa, yaani kwa kanda za kutenga. Wadachi walipoitawala pwani walitoa mwaka 1891 amri ya ujenzi kwa ajili ya Dar es Salaam, na amri hiyo ilitofautisha sehemu za mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa humo. Waingereza walipopewa nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walifuata njia iyo hiyo kwa uangalifu zaidi. Masharti ya udhamini hayakuwaruhusu kutenga watu kwa rangi waziwazi. Basi katika kanuni za miji za miaka ya 1920 hawakuandika kwamba mtu fulani asikae mahali fulani. Waliandika kwamba katika kanda ya kwanza zijengwe nyumba za namna ya Kizungu, katika ya pili nyumba za makazi na biashara, na katika ya tatu nyumba za namna ya kienyeji. Sheria ilitaja nyumba, lakini ilimhukumu mtu. Asiyeweza kununua saruji, mabati na vioo hakuhitaji kukatazwa. Kipimo cha ukuta kilitosha kumzuia.

Wenyeji wa miji hawakuyatumia majina ya kanda hizo kama yalivyoandikwa. Waliunda yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Umbo la maneno haya lastahili kuangaliwa. Kiambishi u- hutaja hali au nchi ya watu, kama katika Uzungu na Uhindi. Kiambishi tamati -ni huligeuza jina kuwa mahali. Maana yake ni kwamba mtu wa kawaida aliusoma mgawanyo ule jinsi ulivyokuwa kwa kweli, yaani mgawanyo wa watu, wala hakudanganywa na lugha ya matofali. Baada ya Uhuru, rangi ilipoacha kuwa kipimo, maneno mawili ya kwanza yalianza kupungua nguvu. La tatu halikupungua, lilibadilika maana. Leo mtu asemapo kwamba amekulia uswahilini hataji kabila wala dini, bali hutaja nyumba zilizobanana, vichochoro, na vyumba vya kupanga. Kanda ya tatu imefutwa katika vitabu vya sheria, lakini katika lugha ingali hai.

Mwanza ni mahali pafaapo kuonyesha jambo hili. Wadachi waliweka kituo chao hapo mwaka 1892, kwenye ghuba iliyozungukwa na vilima vya mawe makubwa ya matale. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ilipitia mjini kwenda pwani. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, makao yake yakiwa Mwanza, na Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Kazi za bandari, vinu vya kuchambulia pamba, maduka na ofisi ziliwavuta watu. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta watu wapatao 35,000 mjini; ile ya 1978 ilikuta zaidi ya 110,000; na ya 1988 ikakuta zaidi ya 220,000. Mwanza ilifanywa jiji mwaka 2000. Katika sensa ya mwaka 2022 Nyamagana na Ilemela pamoja zilikuwa na watu zaidi ya 1,100,000. Mipaka ya mji ilipanuliwa katika miaka hiyo, na sehemu ya ongezeko ilitokana na upanuzi huo; hata hivyo ni dhahiri kwamba viwanja vilivyopimwa havikuweza kwenda mwendo mmoja na watu waliohamia.

Watu hao walikwenda wapi? Walipanda vilimani. Mtu atokaye katikati ya mji kwa barabara ya kusini, kuelekea Mkuyuni na Butimba, huiona Igogo ikipanda mlimani mkono mmoja, na ziwa na sehemu ya viwanda mkono wa pili. Ng'ambo ya ghuba kuna Capri Point, rasi yenye nyumba kubwa na bustani, ambayo tangu ukoloni imekuwa makao ya wakubwa. Sehemu hizi mbili hutazamana, na maji yale yale huzigusa zote mbili. Lakini moja ilipimwa kabla ya kujengwa, na nyingine ilijengwa kabla ya kupimwa.

Sababu ya Igogo kupatikana kwa bei nafuu ni hii: kwa vipimo vya wapima ardhi, mteremko mkali wenye mawe haukufaa kuwa viwanja. Gari halikuweza kupita. Shimo la choo halikuchimbika. Msingi ulihitaji kuchongwa mwambani. Ardhi ambayo sheria iliikataa haikugombewa na matajiri, na kwa hiyo ilibaki karibu na kazi lakini mbali na bei. Mchukuzi wa bandarini, mvuvi, mama muuza dagaa, na baadaye katika miaka ya 1990 wafanya kazi wa viwanda vya minofu ya sangara, wote waliweza kukaa mahali ambapo wangekwenda kazini kwa miguu. Bei yenyewe ililipwa kwa njia nyingine: kwa ndoo ya maji iliyopandishwa kichwani, kwa mgonjwa aliyeshushwa mabegani, na kwa maji ya mvua yaliyoteremka na taka hadi kwenye nyumba za chini.

Nyumba zilizojengwa huko, kama katika uswahilini pote, zilijengwa zaidi kwa hesabu ya vyumba. Ile iitwayo nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huvipangisha. Penye mwamba ramani hii haikuweza kufuatwa yote. Nyumba ilipindishwa kulifuata jiwe, na ua ukawa ngazi. Lakini kanuni ya uchumi ilibaki ile ile: mtu mmoja alijenga kidogo kidogo kwa akiba yake, na wengine wakapata makao kwa kodi ya mwezi. Hapana sheria iliyomwamuru atenge fungu kwa ajili ya maskini. Hata hivyo ni nyumba za namna hii, wala si miradi ya serikali, zilizowapa makao watu wengi zaidi wa miji ya Tanzania.

Majina ya mitaa yanashuhudia historia hiyo. Igogo, Isamilo na Ibungilo yana kiambishi cha i-. Bugando, Butimba na Buzuruga yana bu-. Nyamanoro na Nyakato yana nya-. Yote ni maumbo ya lugha za pande za ziwa, yaliyokuwapo kabla ya ramani za mji. Kando yake kuna majina ya Kiswahili cha mjini yaliyotokana na vitu: Mabatini, kutokana na mabati, na Makoroboi, kutokana na koroboi, taa ndogo ya bati. Majina ya aina ya kwanza yaeleza kwamba watu walikuta mahali penye jina. Ya pili yaeleza kwamba mafundi na wachuuzi walipatia mahali jina. Ramani zilikuja baadaye zikayaandika.

Serikali nayo haikukaa kimya. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1956 iliweka utaratibu wa ramani za mipango miji, na badala ya kanda za namna ya Kizungu na ya kienyeji yakatumika maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Ukubwa wa kiwanja ukachukua mahali pa namna ya nyumba. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa daima uliachwa, ardhi ikawa ya kukodishwa na Serikali. Katika miaka ya 1960 mitaa ya udongo ilivunjwa mahali pengine, hasa Dar es Salaam, ili Shirika lijenge nyumba bora palepale. Kasoro ya njia hiyo ilionekana upesi: nyumba iliyojengwa ilichukua nafasi ya nyumba iliyovunjwa, na hesabu ya makao haikuongezeka kama ilivyotarajiwa.

Hatua iliyokaribia zaidi wazo la kanda jumuishi ilikuja mwaka 1971, kwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mara moja ghorofa za katikati ya miji zikawa mali ya umma, na mtumishi wa Serikali au wa shirika akaweza kupanga katika mtaa ambao zamani aliupita tu. Lakini sheria hiyo ilichanganya watu katika nyumba zilizokwisha kujengwa. Haikuamuru zijengwe nyingine. Na waliofaidi walikuwa hasa wenye kazi za mshahara. Mchukuzi wa Igogo hakuwa mmoja wao. Kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Mwaka 1972 Serikali iligeuza nia: makazi yasiyopimwa yasivunjwe tena, bali yaboreshwe. Kutokana na uamuzi huo ulikuja mradi wa viwanja na huduma, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1974. Miji ya awamu ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza. Mradi ulikuwa na sehemu mbili: kupima viwanja vipya vidogo vyenye barabara na maji, na kupeleka barabara, maji na huduma katika mitaa iliyokuwapo. Benki ya Nyumba Tanzania ilitoa mikopo kwa wajenzi. Viwanja vya Sinza, Dar es Salaam, vilikuwa na mita 12 kwa 24, kipimo kilichokusudiwa mtu wa hali ya chini. Wazo lilikuwa jema, na lilikuwa na ukaribu na ile kanuni ya fungu, maana lilitenga ardhi kwa ajili ya watu maalumu. Lakini masharti ya ujenzi yalibaki ya juu, mikopo haikuwafikia wote, na viwanja vingi vikahamia mikononi mwa wenye uwezo. Leo Sinza si mtaa wa maskini. Mradi ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi iliachiwa halmashauri za miji ambazo hazikuwa na fedha. Na Benki ya Nyumba yenyewe ilianguka mwaka 1995.

Vilima vya Mwanza viliendelea kujaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilifungua mlango mwingine: iliweka leseni ya makazi kwa mkaaji wa eneo lisilopimwa, na iliweka utaratibu wa kurasimisha makazi. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, ujulikanao kama MKURABITA. Na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ikachukua mahali pa ile ya 1956. Huko Mwanza urasimishaji ulipelekwa hadi vilimani: wakaaji walikubaliana juu ya mipaka na njia za miguu, nyumba zikapimwa zilivyo, na wenye nyumba wakaweza kuomba hati.

Mfano mzuri zaidi wa sheria kumfuata mtu hautokani na hati bali na mabomba. Kwa utaratibu wa kawaida bomba la majitaka hulazwa chini ya barabara, na mtaa usio na barabara haupati bomba. Katika miaka ya 2010 Mamlaka ya Maji na Usafi wa Mazingira Mwanza ilianza kulaza vilimani, Igogo ikiwamo, mabomba membamba yasiyohitaji kina kirefu, yapitayo kati ya nyumba na nyumba na kuyaunga na bomba kuu la chini. Kipimo kilibadilishwa ili nyumba isivunjwe. Miaka tisini kabla yake kanuni za kanda zilifanya kinyume.

Hapa yafaa kuyarudia maneno. Kiserikali maeneo kama Igogo huitwa makazi yasiyopangwa. Magazeti na wasemaji wengi husema makazi holela. Nchini Kenya husemwa mtaa wa mabanda. Neno la Kenya huhukumu kwa kitu nyumba ilichojengewa, kama zilivyofanya kanuni za kikoloni. Neno holela huhukumu kwa kukosa utaratibu, nalo si kweli: mtu ajengaye juu ya mwamba hupima kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini neno la kuangaliwa zaidi ni kupanga. Kitenzi hiki kina maana mbili za kila siku: kuweka vitu kwa utaratibu, na kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Mpangaji ni yule achoraye ramani ya mji, na mpangaji ni yule alipaye kodi ya chumba. Kwa hiyo yale yaitwayo makazi yasiyopangwa ndiyo makazi yanayopangwa kuliko yote. Lugha imewaweka wapangaji hao wawili katika neno moja. Sheria haijapata kuwakutanisha.

Huo si mchezo wa maneno. Ukifuata sheria zote zilizotajwa, kuanzia kanda za 1891 hadi urasimishaji, utaona kwamba karibu zote zilihesabu nyumba, kiwanja au mwenye navyo. Hati humpa mwenye nyumba usalama, na usalama huongeza thamani. Thamani ikiongezeka, kodi nayo yaweza kupanda. Na mwenye chumba kimoja, ambaye jina lake halimo katika ramani wala katika hati, aweza kuhama bila kuvunjiwa ukuta wowote. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba kati ya mwenye nyumba na mpangaji umeachwa zaidi kwa mapatano yao. Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imejaribu njia nyingine, kwa kutoza asilimia 1.5 ya mshahara na kuwapa nafasi yao wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini hata humo kipimo ni nyumba nzima inayojengwa upya.

Jambo la mwisho ni lugha ya sheria zenyewe. Kanuni za miaka ya 1920, sheria ya 1956, ya 1999 na ya 2007, zote zilitungwa kwa Kiingereza. Mkaaji wa Igogo aliambiwa kwa miongo mingi kwamba amevunja kanuni ambayo asingeweza kuisoma. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sheria za ardhi na mipango ni kazi kubwa kwa wataalamu wa lugha, nao watakutana na kitenzi kile kile. Watakapoandika mpangaji, hapana budi waonyeshe ni yupi.

Kwa ufupi, historia ya Igogo yafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba makao ya bei nafuu ya Mwanza yalipatikana mahali ambapo kanda zilikoma, kwa akiba ya watu wenyewe. La pili ni kwamba sheria ilipofaulu kuwajumuisha watu hao, ilifaulu kwa kukipindisha kipimo chake, kama bomba lipitavyo kati ya nyumba. Ikiwa Tanzania itatunga siku moja kanuni ya fungu kama ya Montgomery au Johannesburg, haitoshi kuhesabu nyumba ngapi zimetengwa katika mradi mpya. Itahitaji pia kuhesabu vyumba vilivyokwisha kuwapo vilimani, na kuwalinda watu waliovipanga.